Sauti Isiyojua Kusema Sijui

Ukipoteza kitu kwenye stendi kuu ya mabasi, watakuelekeza nyuma ya vyoo, kwenye dirisha dogo lenye nondo. Ndani ya dirisha hilo utamkuta mama mmoja mwembamba aliyezungukwa na miavuli. Miavuli husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Zinafuata sweta, viatu vya upande mmoja, na safari moja, msinicheke, meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso safi. Mama huyo atakuuliza umepoteza nini, kwenye basi gani, rangi gani. Na hapo utashtuka kidogo, maana sauti inayokuuliza ndiyo hiyo hiyo inayosikika kwenye spika juu ya kichwa chako, ikitangaza kwamba basi la kwenda mpakani limechelewa.

"Aa! Kumbe ni wewe!" watu husema.

"Ndiye mimi. Mwavuli wako ulikuwa wa rangi gani?"

Miaka ya nyuma alikuwa anakaa kwenye kibanda cha kioo, katikati kabisa ya stendi, kipaza sauti mbele yake. Madereva wote aliwajua kwa honi zao. Dereva akifiwa, alimtangazia pole kabla ya kutaja safari. Mtoto akipotea, alimpakata huku akitangaza, na kilio cha mtoto kilipita kwenye spika kikamfikia mama yake kabla hata jina halijatajwa. Kisha wakaja watu na kompyuta wakamketisha chumba kimoja kilichozibwa kila upenyo, wakamrekodi akitaja miji yote, saa zote, "linaondoka", "limechelewa", "tunaomba radhi". Walipomaliza wakampa cheti na soda, wakamhamishia kwenye miavuli. Sauti ikabaki kibandani, mwenyewe akatoka.

Kitengo cha maafa kilipoanza kupigia watu simu za tahadhari hakikuhangaika kutafuta mtu. Mkuu wa kitengo alimfuata pale pale dirishani. "Mama, hii ni sauti ambayo watu wameshazoea kuifuata. Ikisema panda, wanapanda. Ikisema shuka, wanashuka." Akarekodiwa tena. Na tangu hapo, kukizuka ugonjwa wa kuhara, au moto, au mto ukijaa, simu za mji mzima hulia kwa mpigo. Ukiiweka sikioni unamsikia yeye, ametulia kama maji ya mtungini: "Hii ni taarifa ya tahadhari. Wakazi wa eneo la pili, chemsheni maji ya kunywa. Kusikiliza tena, bonyeza moja."

Hapo ndipo alipopatia jina. Muuza mitumba akimwona anapita hupaza sauti: "Bonyeza Moja, shikamoo! Leo tuchemshe au tusichemshe?"

"Chemsha kichwa chako kwanza," humjibu, na kibaraza kizima hucheka. Yeye pia hucheka, hadi anapokata kona.

Sasa, mtu anayesikika kila mahali, ungedhani ana watu tele. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi yake. Bomba la jikoni kwake lilipasuka, akampigia fundi. Akamweleza kwa ufasaha kwamba maji yanamwagika, tafadhali afike haraka. Fundi akakata simu. Akapiga tena, fundi akakata tena. Akashinda na tambara na ndoo mpaka kiuno kikamwambia basi. Walipokutana njiani fundi akamsogelea na uso wa huruma. "Mama, jana walitangaza tena maji yanamwagika. Sikukaa kusikiliza hadi mwisho. Ni eneo gani vile?"

"Eneo la jikoni kwangu," akasema, akaendelea na safari yake.

Mumewe alishafariki. Mwanawe wa pekee yuko mbali kikazi, na ni mtoto mwema, salamu hazikosi, ila huandika tu, hapigi. "Nisamehe mama," aliwahi kumwandikia. "Nikisikia sauti yako kwenye simu roho inaruka juu, najua kuna balaa." Yule mama akasoma, akaelewa, na jioni hiyo akala chakula chake amesimama, mgongo umeelekea meza.

Akabaki mdogo wake. Na huyo ndiye hasa ambaye kisa chetu kinamhusu.

Mdogo wake wa kike, tumbo moja, anaishi chini kule eneo la tatu, ambako mto unapita nyuma ya nyumba. Kazi yake ni kuangua vifaranga. Ana kabati refu la mbao alilolichonga yeye na seremala mmoja, ndani lina balbu za joto na trei za mayai, na sufuria ya maji ya kuleta unyevu. Mayai huyageuza kwa mkono kila siku, na siku zikikaribia huacha kuyagusa, huweka sikio tu. Anasema kifaranga huanza kulia kabla hajavunja ganda.

Mvua za mwaka jana, simu zililia. "Wakazi wa eneo la tatu, hameni sasa. Elekeeni maeneo ya juu." Mdogo wake aliisikia sauti ya dada yake, akafunga mlango, akahama. Umeme wa eneo lote ukakatwa kwa usalama. Walilala kwenye madarasa ya shule wakisubiri maji, na maji hayakuja. Mto uliishia kwenye majani ya ukingo, ukarudi zake. Yeye aliporudi akakuta kabati limepoa kama kaburi.

Asubuhi yake alitokea stendi, nyuma ya vyoo, akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika akaweka bakuli dirishani. Ndani ya bakuli kulikuwa na yai lililopasuliwa, na ndani ya yai kifaranga kilichokamilika, manyoya na kucha, macho yamefumba.

"Nimepoteza hivi," akasema. "Rangi ya manjano."

"Mdogo wangu..."

"Usiniite. Wewe uliniambia niondoke."

"Ni mashine ile. Mimi sikujua hata kama imepiga simu."

"Sauti ya nani?"

"Yangu. Lakini maneno wanayapanga wao."

"Basi dada, siku maneno yakiwa yako, nitasikiliza." Akaliacha bakuli pale pale akaenda zake. Na juu yao spika ikawaombea abiria safari njema.

Tangu siku hiyo kila dada mtu akipiga, simu hupokewa, "Haloo" husikika, yeye husema "Mdogo wangu, habari za huko", na simu hukatwa. Kama ni hasira, au ni mazoea ya kukata simu za mashine, hakuweza kujua. Na kutojua huko ndiko kulikomuumiza zaidi. Angetukanwa, angejua pa kuanzia.

Mwaka huu mvua zikaja tena. Zikapiga mfululizo hadi dirisha la vitu vilivyopotea likajaa miavuli mpaka darini. Mchana mmoja kitengo cha maafa kikamwita: kuna maneno mapya ya kurekodi, daraja moja limefungwa na jina lake halimo kwenye mashine.

Chumba cha kitengo kilikuwa na skrini ukuta mzima na harufu ya makoti yaliyolowa. Kwenye skrini mto ulichorwa kama mshipa, na kila eneo lilikuwa na rangi yake: kijani, njano, nyekundu. Mtaalamu wa takwimu, dada mmoja mwenye miwani aliyekuwa akinywa chai baridi bila kujua kwamba imepoa, alikuwa akibishana na mkuu wake.

"Kipimo cha maji cha kule juu mtoni kinaleta namba ile ile tangu asubuhi," mtaalamu alisema.

"Vizuri. Maana yake mto umetulia."

"Au kimeng'oka, kinarudia namba ya mwisho."

"Sasa ni lipi?"

"Ndiyo nakwambia, bosi. Siwezi kujua nikiwa hapa. Barabara ya kwenda kule imekatika, na simu ya mlinzi wa kipimo haipatikani."

Mkuu akajishika kichwa. Alikuwa mtu mzuri, niseme ukweli, mwaka jana alitukanwa na mji mzima kwa kuhamisha watu bure, na mwaka wa kabla yake alitukanwa kwa kutowahamisha. "Nikiweka nyekundu na maji yasije, mara ijayo hawatahama hata yakiwa magotini. Nikiweka kijani yakaja, ni damu. Weka njano."

"Njano inasemaje?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha kurekodia.

Mtaalamu akasoma: "Wakazi wa eneo la tatu, hali inafuatiliwa. Endeleeni na shughuli zenu hadi mtakapopewa taarifa."

"Mdogo wangu anakaa hapo." Akamgeukia mtaalamu. "Mwanangu, ungekuwa wewe, ungeendelea na shughuli zako?"

"Shangazi..." Mtaalamu akavua miwani, akaifuta kwa blauzi. "Sijui. Kweli kabisa, sijui."

"Basi kwa nini nisirekodi hivyo? Hatujui. Kipimo hakieleweki. Mwenye pa kwenda aende."

Mkuu akacheka kicheko kikavu. "Mama yangu, watu hawapigiwi simu kuambiwa serikali haijui."

"Si ndiyo ukweli lakini?"

"Ukweli ndiyo. Ila..." Akatazama skrini, kijani, njano, nyekundu, kana kwamba anatafuta rangi ya nne. "Haya, rekodi. Nikipata kibali nitaipeleka. Ila iseme kwa uhakika."

"Niseme hatujui kwa uhakika?"

"Ndiyo. Kwa sauti yako ile."

Akajaribu. "Bado hatujui," akasema kwenye kipaza sauti, na ikatoka laini na tulivu, kana kwamba basi limechelewa kidogo tu na abiria wakanywe chai. Mtaalamu akapiga makofi. Yeye mwenyewe aliposikilizishwa akaona aibu. Ile haikuwa sauti ya mtu asiyejua.

Hakungoja kibali. Alitoka hadi kwenye ukumbi wa nje, chini ya paa la bati lililokuwa likipigwa na mvua, akampigia mdogo wake.

"Haloo."

"Mdogo wangu, nisikilize, mto..."

Ikakatwa. Akapiga tena.

"Haloo?"

"Ni mimi dada yako. Nakuomba uondoke..."

Ikakatwa. Na hapo akajisikia mwenyewe, maskini. Miaka yote ya kipaza sauti ilikuwa imeganda kooni mwake. Kadiri alivyozidi kuogopa, ndivyo maneno yalivyozidi kunyooka. Hata "nakuomba" yake ilitoka kama tangazo. Akameza mate, akapiga mara nyingine, akijitahidi kukwaruza sauti, kuongea ovyo kama watu.

"Haloo," mdogo wake akasema. Safari hii hakukata. Kukasikika mlio mfupi. Kisha mwingine.

"Unafanya nini?"

"Nabonyeza moja," mdogo wake akasema kwa ukali. "Sasa nabonyeza mbili. Sifuri hiyo. Mbona hamnyamazi? Mtu ana mayai ya siku za mwisho humu, simu inalia, inalia!"

"Usibonyeze. Ni mimi."

"Mwaka jana pia ulikuwa wewe. Haya, sema. Maji yanakuja au hayaji?"

Akafungua mdomo. Maneno yote aliyowahi kurekodi yalikuwapo, yamepangwa, safi, tayari: hameni sasa, rudini nyumbani, hakuna hatari, hali inafuatiliwa. Akachagua hili, akaliacha, akachagua lile. Pua ikaanza kumwasha. Kilichotoka mwishowe kilikuwa kibovu, kimejaa kamasi, kisichofaa kurekodiwa popote.

"Sijui," akasema.

Mvua ilisikika kwenye simu zote mbili.

"Umesemaje?"

"Sijui, mdogo wangu. Hakuna anayejua. Kile kidude cha kupimia maji kimekwama, labda kimebebwa, labda kizima. Wamekaa kule na skrini zao wanatazamana. Mimi naogopa tu. Sina kingine. Naogopa."

Mdogo wake akapumua. "Mashine haijawahi kusema haijui," akasema polepole. "Dada, ni wewe kweli?"

"Ndiye mimi."

"Unalia?"

"Ni mafua."

"Mafua! Tangu utotoni ukilia ni mafua." "Na mayai je? Mengine yameshaanza kulia humu ndani. Siyaachi tena, nimekula kiapo."

"Njoo nayo."

"Njoo nayo! Unadhani ni vitunguu? Nikija nayo yakapata baridi njiani, na maji yasije?"

"Basi utakuwa umekuja," dada akasema.

Akakata yeye, kwa sababu hakuweza kuendelea.

Kabla giza halijaingia, dada akiwa amesharudi nyumbani, mlango wake ukapigwa teke. Mdogo wake alikuwa amesimama kizingitini, nywele zimelowa zimeshikana na uso, mikono yote miwili imekumbatia beseni lililofunikwa blanketi, na blanketi limefunikwa nailoni. Chini ya mayai alikuwa amepanga chupa za maji ya moto zilizovalishwa soksi.

"Usiniangalie hivyo. Chemsha maji," akasema. "Leo chemsha kweli."

Hawakusalimiana. Kazi haikuwapa nafasi. Taa ya mezani ikainamishwa juu ya beseni, chupa zikabadilishwa maji, tambara lenye unyevu likawekwa pembeni. Chumba kilikuwa kile kile cha mtu mmoja: kiti kimoja, kikombe kimoja kwenye kichanja cha kukaushia vyombo. Mdogo mtu aliona hayo yote, akakaa sakafuni. Akawasha tochi ya simu, akaweka yai juu yake. Yai likawaka lote kama kaa, na ndani kivuli kikajinyoosha.

"Kipo hai?" dada akanong'ona.

"Kipo."

Lingine likabaki jeusi, kimya. Akaliweka kando bila kulitaja. Akaweka la pili kando. Kila alipoweka yai kando, dada yake aliyatazama mayai yale akangoja kuambiwa lile alilostahili kuambiwa. Hakuambiwa.

Mara simu zote mbili zikalia kwa mpigo. Zikapokelewa zote mbili, kwa mazoea, na chumba kikajaa sauti ile, moja ikitangulia nyingine kwa nusu ya neno: "Hii ni taarifa ya tahadhari. Wakazi wa eneo la tatu, hali inafuatiliwa. Endeleeni na shughuli zenu..." Kibali hakikupatikana, ni wazi. Mdogo wake aliitazama simu, akamtazama dada yake aliyekuwa amefumba mdomo, pua nyekundu. Akaitazama simu tena.

"Huyu naye kelele," akasema, akaizima. "Ana sauti nzuri, lakini."

"Wanasema."

"Ya kwako mbaya."

Wakatabasamu, kila mmoja akiangalia upande wake.

Maji yalikuja, lakini hayakufika. Yalivuka ukingo, yakaingia nyumba za mstari wa kwanza, yakachukua kuni na mabeseni na mabanda mawili ya kuku, kisha yakasimama kwenye ukuta wa jirani yake mdogo mtu. Kabatini kwake hakikuingia hata kikombe cha maji. Na umeme, safari hii, haukukatwa. Habari hizo alizileta muuza mitumba asubuhi, akiwa na furaha ya mtu mwenye habari. "Kwako pakavu kabisa, dada! Ungelala kwako tu!"

Mdogo mtu akashukuru, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na vifaranga vichache vilivyokauka manyoya, vikilia kama vimedhulumiwa, na pembeni mayai mengi ambayo hayatalia tena. Baridi ya njiani ilikuwa imefanya kazi yake.

Dada akasimama katikati ya chumba. "Nimekutia hasara tena."

Mdogo wake alikuwa akivihamishia vifaranga kwenye sanduku la kadibodi, kimoja kimoja. Hakugeuka. "Uliniambia yatafika?"

"Hapana."

"Uliniambia hayatafika?"

"Hapana."

"Uliniambia hujui. Nikachagua mwenyewe. Basi sina neno." Akafunga sanduku, akatoboa tundu za hewa kwa kalamu. Mlangoni akasita. "Nunua kikombe cha pili," akasema. Akashuka ngazi na sanduku lake likipiga kelele mpaka barabarani.

Usidhani kwamba mambo yaligeuka baada ya hapo. Chumba kile bado kina kiti kimoja. Muuza mitumba bado anauliza kama wachemshe. Mwanawe bado anaandika tu. Kitengo kilimwandikia kwamba maneno yake, yale ya "bado hatujui", yametunzwa vizuri na yanasubiri uamuzi wa ngazi za juu.

Ila kikombe cha pili alikinunua, kimefudikizwa kando ya cha kwanza. Na asubuhi nyingine, mawingu yakiwa mazito juu ya stendi, simu yake hulia kule nyuma ya vyoo. Yeye huweka chini mwavuli wa watu, hukaza sikio, maana spika juu ya kichwa chake haipumziki.

"Ni wewe au mashine?"

"Ni mimi."

"Leo itanyesha?"

Huinama kutazama nje kupitia nondo, kipande kile kidogo cha anga kilichobaki juu ya ukuta wa vyoo. Hutazama kweli, bila haraka.

"Sijui, mdogo wangu."

"Haya," mdogo wake husema, na hukata.

Yeye hubaki ameishika simu sikioni kidogo, ingawa haina mtu tena. Kisha huiweka mfukoni na kumgeukia anayefuata kwenye foleni, na humuuliza amepoteza nini.